Bisapu ya Somo Yangu

Fatick, 9 Oktoba 1985

Mke wangu Takko,

Usinune nikikuita mke. Dada wa mume naye ni mume, hata kama ndevu hana, na mimi nilikuoa siku ile ile kaka yangu Latyr alipokuoa. Basi nakusalimu kama bwana anavyomsalimu mkewe. Umeamkaje, nyumba imeamkaje, na somo yangu Dibor mdogo ameamkaje?

Naandika kwa mkono wangu. Sikutaka kwenda kwa yule mwandishi wa barua pale posta, maana anaandika kwa mkono mmoja na kusimulia kwa midomo miwili. Ukiona herufi zimelala, zisimamishe mwenyewe.

Tangu Latyr aje kumchukua mtoto Jumapili, nyumba imepoa. Nimesahau mara tatu nikapika uwele wa watu wawili. Jana niliita, "Dibor, niletee ungo," nikajikuta najiita mwenyewe. Nilikaa chini nikacheka, kisha sikucheka tena.

Sasa nikukumbushe jambo, si kwamba umelisahau. Siku ya kumpa jina mlisema mbele ya watu, imamu akiwepo, kwamba akishaachishwa ziwa huyu ni wangu. Mlinipa mtoto pamoja na jina. Nimemlea miaka mitano. Latyr amekuja na maneno ya shule, kwamba shule za Thiès ni nzuri na mtoto ametimiza miaka saba, nami nikasema sawa, kwa ajili ya shule. Nimewaazima. Sijamrudisha. Aliyepewa mtoto wa somo ndiye peke yake anayeweza kumrudisha, na neno hilo halijatoka kinywani mwangu. Likizo zote ni zangu.

Wewe bado kijana, Takko. Utazaa wengine mpaka uchoke kuwatafutia majina. Mimi wanaume wawili wameniacha kwa sababu ya tumbo hili, na wa tatu alikufa kabla hajapata nafasi ya kuniacha. Huyu mtoto ndiye niliye naye.

Anaogopa majogoo. Usimchane nywele akiwa na njaa, atakutoa roho. Samaki mtolee miba mwenyewe, usimwamini anapokuambia anaweza.

Bwana wako,
Dibor Sarr


Thiès, 21 Oktoba 1985

Bwana wangu Dibor,

Herufi zako nimezisimamisha, zote zimetii. Nilicheka hadi Latyr akauliza nacheka nini, nikamwambia hayo ni mambo yangu na mume wangu mwingine. Lakini bwana usiye na ndevu, usijisahau. Wewe ni Mserere na mimi ni Mfulani, na kwa utani wa makabila yetu Waserere wote ni watumwa wetu tangu enzi za mabibi zetu. Kwa hiyo nakusalimu kama mwenye mali anavyomsalimu mtumwa wake mkaidi.

Mtoto ni mzima. Shuleni amekalishwa dawati la mbele kwa sababu ya udogo wake, na tayari amempiga mvulana wa dawati la nyuma. Majogoo nimeyaona kweli. Jirani yetu analo moja, na mwanao huzunguka mtaa mzima ili asilipite.

Ila hanywi, wifi. Anakunywa maji tu, kidogo kidogo, kama dawa. Kila akitoka shule anaulizia sharubati yenu ya maua ya choya, "Takko, bisapu iko wapi?" Mimi ananiita Takko. Wewe ukitajwa anakuita Mama. Sikasiriki. Basi, nakasirika kidogo, sikufichi.

Nilimnunulia kwa jirani. Akaonja, akanirudishia kikombe, akasema ahsante kama mgeni aliyekuja kuhani. Nikajaribu mwenyewe. Sisi watu wa mtoni tumekulia maziwa, choya kwetu ni majani ya kutia mchuzini. Ya kwanza ilikuwa kali kama siki. Ya pili Latyr alisema inafaa kwa kikohozi. Mtoto alizitazama zote mbili akaenda kukaa mlangoni, na pale mlangoni ndipo anapokaa kila jioni akitazama barabara.

Nielekeze yako. Fatick nzima haimpi mtoto jina bila bisapu ya Dibor Sarr, hata sisi wa Thiès tunajua. Niandikie hatua kwa hatua kama unavyomwandikia mjinga. Nataka akae kwangu kwa raha. Sitaki kitu kingine.

Mkeo na bibi yako,
Takko Sow


Fatick, 30 Oktoba 1985

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Kwa hiyo hanywi. Pole sana.

Sikiliza basi. Choya ya sokoni usiinunue kwa macho. Ishike. Ikivunjika kama jani kavu, imezeeka, mwachie mwenyewe. Ikijikunja kama ngozi, hiyo ni nzuri, na nyekundu yake iwe ya kukaribia weusi. Itandaze kwenye ungo uichambue mchanga na vipande vya mbegu. Isuuze haraka, mkono uingie na kutoka, maana ukiistarehesha kwenye maji ya kuoshea unamwaga rangi yako mtaroni.

Kisha itie kwenye sufuria na maji, uinjike motoni. Iache ichemke. Usiwe na haraka, saa nzima, mpaka maua yapauke kabisa. Nanaa uitie humo humo ikichemka. Ikiwa nyeusi na nzito usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Chuja kwa kitambaa cheupe ambacho hutakihitaji tena. Sukari itie ingali ya moto, usiwe na mkono wa Kifulani, jaza. Ikishapoa, maji ya maua ya mchungwa kifuniko kimoja cha chupa. Basi.

Ukifuata haya na bado akakataa, ujue si bisapu anayoikataa. Mtoto aliyezoea mahali hahamishwi kama mkeka. Akizidi kunyong'onyea, usijilaumu na usione haya, mwambie Latyr. Hata Fatick shule zipo, na walimu wanatoka huko huko Thiès.

Desemba namngoja. Tutakuwa kwenye mavuno ya choya na mikono yake naihitaji.

Bwana wako,
Dibor Sarr


Thiès, 24 Novemba 1985

Bwana wangu Dibor,

Ahsante kwa maelekezo. Nimeyabandika ukutani jikoni, na mtoto ananisomea herufi anazozijua. Nimefuata kila neno. Ilitoka nyeusi na nzito kama ulivyosema.

Alikunywa mafunda mawili, akanitazama, akaweka kikombe chini. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Takko, nina usingizi," na jua lilikuwa bado halijashuka. Si kitu. Nitaipika kila Jumatano na kila Jumapili mpaka aizoee.

Habari ya Desemba si nzuri. Surua imeingia mtaa wa pili na watoto wanazuiwa wasisafiri. Nadhani tungoje. Latyr anakusalimu, karakana ya reli inammaliza mgongo.

Wako,
Takko Sow


Fatick, 12 Januari 1986

Takko,

Leo sikuiti mke.

Choya imevunwa. Tumekaa siku tisa tunachomoa mbegu, vidole vyekundu hadi ndani ya kucha, na kila mwanamke aliyekuja aliniuliza Dibor mdogo yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Nilimtandikia kitanda. Nilimtengenezea mtungi mzima wa bisapu na nikaukalia siku zote za likizo kama kuku aliyekalia mayai. Tarehe tatu nikaumwaga nyuma ya nyumba.

Juzi dereva wa magari ya Kaolack, yule mwenye jino la dhahabu, alinieleza kwamba siku ya mwaka mpya alimwona mtoto mlangoni kwenu anaruka kamba na wenzake. Amesema amenenepa. Hebu niambie, mimi ni mshamba sijasoma, ni surua gani hiyo inayoruka kamba?

Unanichezea. Ulianza na shule, ukaja na surua, kesho utaniambia daraja limevunjika. Unataka kuninyang'anya taratibu mpaka siku moja niamke nisiwe na mtoto. Ukitaka mtoto, zaa. Una miaka ishirini na tisa, una mume, na tumbo ni lako, nani amekuzuia? Au nimwambie Latyr atafute wa pili, atakayejaza nyumba, ili uache kuvizia vya wenzio? Unajua neno langu likifika kwake halirudi. Ningekuwa mwanamume kweli ningekuandikia talaka leo.

Nijibu.

Dibor Sarr


Thiès, 3 Februari 1986

Dibor Sarr,

Barua yako imefika. Latyr hakuisoma. Nimeiweka chini ya godoro, upande wangu.

Mtoto hakuugua surua, wala mtaa wa pili hakuna aliyeugua. Nilidanganya. Naomba radhi.

Wiki iliyopita alianza kuniita Mama. Sikumfundisha. Alikuwa anatafuta kiatu chake kabla ya shule, akaita, nikakipata chini ya meza, akavaa akaondoka. Wala hakujua kwamba amesema. Nakuambia mimi kabla dereva hajakuambia.

Likizo ndefu ya Julai atakuja kwako. Hilo nakuahidi.

Takko Sow


Fatick, 26 Mei 1986

Mke wangu Takko,

Zaidi ya miezi minne sikukuandikia. Nilikuwa nimekasirika, kisha nikawa na aibu, na aibu ni nzito zaidi kuibeba hadi posta.

Leo mchana yule dereva ameshusha kifurushi mlangoni kwangu. Sukari ya Ramadhani, maboksi ya vipande, na tende, na kitambaa cha kilemba. Sukari ambayo mke humpelekea dada wa mumewe. Sikutegemea chochote kutoka kwako mwaka huu, na nisingekulaumu. Majirani wamejaa uani kuitazama, wamesema mke wa Latyr ana adabu, amelelewa, Wafulani wamewafunza watoto wao. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao nikiitikia, ndiyo, ndiyo, huku nikitazama chini. Wakadhani ni saumu.

Nilitengeneza bisapu ya kufuturu nikaitia sukari yako. Ilipoadhiniwa magharibi nilikishika kikombe nikashindwa kukifikisha mdomoni. Nimefungua kwa maji. Nimeswali. Sasa nimekaa nakuandikia kabla moyo haujabadilika.

Takko, choya yangu haijawahi kuuona moto. Haichemshwi. Inalala kwenye mtungi na maji baridi kuanzia alasiri mpaka asubuhi, inachujwa, sukari inaingia mwisho, nanaa inapondwa kwa kiganja na kuelea juu. Ukiichemsha, harufu yote inaondoka na mvuke, na kinachobaki ni uchachu na rangi. Marehemu mama alinifundisha hivyo, na mtoto alilijua hilo tangu alipokuwa anajifunza kusimama kwa kuushika ule mtungi. Maelekezo yale uliyoyabandika ukutani ni uongo. Niliutunga nimekaa hapa hapa, na niliucheka.

Nilitaka kila anapokunywa kwako ajue kwamba hayuko kwangu. Nilitaka aikatae, akae mlangoni, akonde. Si sana, kiasi cha Latyr kumwonea huruma na kumrudisha. Nimemlea mtoto huyu miaka mitano, nimemkesha homa, na nikaketi nikaomba akonde. Nimeliandika na ninalitazama, na sina la kulipambia.

Yale ya Januari, ya kuzaa na ya mke wa pili, yalitoka katika hasira. Latyr sijamwambia neno. Nisamehe ikiwa unaweza. Ikiwa huwezi, sukari nitaigawa msikitini kwa jina lako.

Dibor Sarr


Thiès, 7 Juni 1986

Bwana wangu,

Sukari usiigawe, kunywa.

Nilijua. Siku ile ya kwanza nilipoinjika sufuria, mtoto alisimama mlangoni mwa jikoni na mkoba wake mgongoni akasema, "Takko, Mama haipiki hiyo. Anailaza." Maji yalikuwa hata hayajaanza kuunguruma. Ningeweza kuepua. Ningeweza kumwambia, njoo unionyeshe jinsi Mama anavyoilaza. Nikafunika sufuria nikamwambia akabadili nguo za shule.

Nilifikiri hivi: akinywa ya Fatick hapa Thiès, atabaki mtoto wa Fatick. Basi kila Jumatano na kila Jumapili nimeichemsha saa nzima, nikijua, huku nakuandikia kwamba nimefuata kila neno. Na kila mara nilimsomea maelekezo yako kwa sauti ili asikie kwamba ni wewe uliyesema. Mwanzo alikuwa ananibishia. Kisha akaacha kubisha. Kwa hiyo usijione mwongo peke yako, wifi, nafasi ya pili kwenye mkeka huo ni yangu. Siku hizi anamaliza kikombe na kuomba kingine.

La pili ni zito na Latyr alinikataza. Nilimwapia. Lakini barua yako ya Januari nimeilalia miezi minne na sasa nimechoka.

Septemba mwaka jana nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Hatukuwa tumeitangaza, unajua sisi tunavyoogopa macho. Ilitoka ghafla, na damu haikukata. Hospitali walinitoa kizazi ili nibaki hai. Alikuwa wa kiume. Latyr na baba yangu mdogo walimzika wao wawili. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani nikitazama ukuta, sili, sisemi, na Latyr akaogopa. Wiki tatu baadaye alikuja kwako kumchukua mtoto. Alikuambia ni shule. Haikuwa shule, Dibor. Nilihitaji mtu wa kumfunga viatu.

Alikataza usiambiwe kwa sababu wewe ni dada yake mkubwa, na alijua utakachomshauri. Ukaja kukiandika hicho hicho bila kuambiwa. Sikulaumu. Hukujua ulikuwa unamwambia nani.

Sikuombi mtoto. Desturi naijua na nilikuwepo siku ya jina, na nilisema ndiyo kama wengine. Neno ni lako. Atakuja na baba yake tarehe kumi na mbili Julai. Mpe ya mtungini. Mimi sitamwambia lolote.

Keshokutwa ni sikukuu wakiuona mwezi. Nakutakia heri.

Takko


Fatick, 2 Agosti 1986

Takko mdogo wangu,

Barua yako ya Juni niliianza kuijibu mara tano na karatasi zote nimewashia moto. Ningekuambia nini? "Ukitaka mtoto, zaa." Niliyaandika hayo kwa mkono huu. Yananijia nikiwa shambani, yananijia nikiwa natwanga, nasimama na mchi juu. Ijumaa nilimwomba imamu amsomee mtoto wa kiume wa nyumbani kwetu aliyetangulia kabla ya kupewa jina. Hakuniuliza ni wa nani.

Latyr nilimweka kando siku aliyomleta Dibor. Nilimwambia najua, na kwamba nikija kulitaja neno la mke wa pili mbele yake, anijaze udongo mdomoni. Alilia hapo hapo akiwa amesimama, kofia mkononi. Kisha akaniomba nisikukasirikie kwa kuvunja kiapo. Nimkasirikie nani?

Sasa nikueleze habari za mtoto, kwa sababu uliahidi hutamwambia lolote, na naona ulitimiza.

Amerefuka. Alishuka garini akanikumbatia, akanusa shingo yangu kama alivyokuwa akifanya zamani, akasema, "Shangazi." Alisema vizuri, kwa upendo. Nililipokea. Nilikuwa nimelaza choya tangu jana yake, ile bora ya kwenye ukingo wa shamba la karanga, nimeiweka kivulini, nanaa nimeichuma asubuhi. Nikammiminia kikombe chake cha bati.

Alikunywa funda moja. Akanitazama kwa huruma, vile mtu mzima anavyomtazama mwenyeji aliyesahau chumvi. Akasema polepole asiniudhi, "Shangazi, hii mbichi. Mama huipika."

Nikamwambia huku kwetu haipikwi. Akatikisa kichwa. "Wewe ndiye uliyemfundisha," akasema, "ipo kwenye ukuta." Akanishika mkono akanipeleka jikoni, akaomba sufuria, akapima maji kwa kikombe. Mimi nilichochea moto. Yeye alisimama pembeni na kijiko ananielekeza: saa nzima, Shangazi, mpaka yapauke, ikiwa nyeusi usishtuke. Maneno ni yangu, lakini anayatamka kwa Kithiès chenu, kwa sauti yako kabisa, hadi ile njia yako ya kuvuta mwisho wa neno. Nilikaa kwenye kigoda na moshi ukanipa sababu ya kufuta macho.

Alikunywa vikombe viwili. Nami nilikunywa kimoja. Ni mbaya, Takko, acha nikuambie ukweli sasa tumeanza kuambiana ukweli. Ina ladha ya sufuria. Yeye aliifurahia mpaka mdomo wote ukawa mwekundu, akaniambia nitazoea.

Wiki tatu hizi amekuwa mtoto mwema. Anachota maji, anacheza na watoto wa jirani, anakumbuka jina la kila mbuzi. Jioni zinapoingia ananiuliza zimebaki siku ngapi. Anauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza bei ambayo hana nia ya kuipunguza. Nami namjibu, na najiona ninavyozivuta siku zisipungue, na sitaki kuwa mtu huyo tena. Nilikuwa mtu huyo mwaka mzima.

Kwa hiyo jana nilimwita imamu na wale wazee wawili waliosalia kati ya waliokuwepo siku ya jina. Niliwapa mkeka na kokwa za kola za kutafuna. Nilisema mbele yao kwamba Dibor binti Latyr, niliyepewa pamoja na jina langu, nimemrudisha kwa Takko Sow aliyemzaa. Si kwa likizo wala si kwa shule. Imamu akaniuliza kama kuna aliyenilazimisha. Nikasema hakuna. Akaniuliza tena, nikasema hakuna. Mara ya tatu alisahau kuuliza kwa sababu alikuwa anapangusa miwani yake, nikamkumbusha, maana nilitaka ikamilike.

Jina libaki. Hilo sikulitoa na sitalitoa.

Mtoto bado hajui. Nimeona ulisikie wewe kwanza. Usingoje mwezi uishe, panda gari la Alhamisi, uje wewe mwenyewe. Usimtume Latyr. Nataka nimweke mkononi mwako nikikutazama, kwa sababu siku aliyoachishwa ziwa akaletwa kwangu, hukuja. Alikuja Latyr peke yake na mtoto na fungu la nguo, akasema wewe kichwa kinakuuma. Nilimpokea mtoto nikafunga mlango. Miaka sita sikuwahi kukuuliza kama kilipona.

Shangazi yake,
Dibor Sarr